Kupe Kwenye Shati la Katekista

Kuna watu wanaaibika wakiwa peke yao, wanajifuta vumbi na safari inaendelea. Mimi niliaibika mbele ya jumuiya nzima, watu ishirini na kitu na mshumaa mmoja, na mpaka leo nikipita Kizwite kuna bibi ananiuliza kwa upole kabisa kama siku hizi naweza kukaa vizuri. Kwa hiyo bora nisimulie mwenyewe kabla hamjamsikia yeye, maana anaongeza chumvi (anasema kupe walikuwa sita, walikuwa watatu tu).

Kwanza mjue kwamba nyumbani kwetu kupe si mdudu, ni adui wa taifa. Zamani, kabla ya haya mambo ya kila mtu na biashara yake, wazee walipeleka ng'ombe kwenye josho la serikali, ng'ombe anatumbukia huku anaibukia kule, dawa bure, kila mtu anarudi kwake. Halafu dawa ikakatika, josho likakauka, vyura wakalirithi, dawa yenyewe ikahamia madukani kwenye vichupa, na serikali ikawa kama imesema kila mtu apambane na kupe wake. Msimu huohuo ndama wetu akafa kwa ndigana, homa ile inayoletwa na kupe, mama akalia siku moja tu, ya pili akaamka mwanajeshi.

Tangu hapo nyasi za uani zinafyekwa mpaka chini, zile za nyuma ya choo ndiyo kabisa. Mbuzi wanne na mbwa wanapigwa bomba la dawa kila Jumamosi, masika na kiangazi, na mpiga bomba ni mimi. (Niliwahi kumwambia mama mwezi wa saba, ile baridi yetu ya Sumbawanga inayokata masikio, kwamba hata kupe wenyewe saa hizi wamejikunyata. Akasema kupe hana likizo, mwenye likizo ni mimi, na imeisha.) Ukipita malishoni unachomeka suruali ndani ya soksi, na ukirudi huingii ndani mpaka ukaguliwe pale mlangoni: nyuma ya masikio, makwapani, kiunoni, nyuma ya magoti. Wote, hata baba, ambaye husimama ameinua mikono kama mtu aliyekamatwa na mgambo.

Aliyekuwa na kesi kubwa zaidi ni mbwa wetu, Ruksa. Tulimwita hivyo kwa sababu alizaliwa miaka ile kila kitu kimekuwa ruksa, na yeye akalichukulia jina kwa uzito: jikoni ruksa, kitandani ruksa, kikao cha ukoo ruksa. Sasa mwezi wa pili mama akaokota kupe kwenye shuka, baba akatoa hukumu palepale, bila rufaa. Akionekana kupe mwingine ndani ya nyumba hii, Ruksa anakwenda Kate kwa baba mdogo akalinde mahindi. Na mbwa wa baba mdogo hawazeeki. Wa kwanza aliraruliwa na nyani, wa pili hata nyani wenyewe hawajui alikoishia. Mdogo wangu Skola, ana miaka minane, tangu hukumu ile kila asubuhi kabla ya uji alikuwa anampekua yule mbwa masikio na vidole vyote, ananong'ona naye kama anamfundisha sala.

Basi, Alhamisi moja nikavaa suruali yangu mpya. Naiita mpya ingawa ilitoka kwenye mitumba, jinzi pana, ukitembea inafagia, na ndani ya mfuko kulikuwa na tiketi ya basi la nchi nisiyoijua. Nilikuwa nakwenda Mollo kwa mshikaji wangu Masanja, kunakili hesabu (mnaojua maana ya kunakili mnyamaze). Kina Masanja ni watu wa ng'ombe, walihamia huku kutoka Usukumani na mifugo yao, na kufika kwao lazima ukate malisho, majani yako kiunoni. Nikafika kwenye majani, nikaiangalia suruali, nikaziangalia soksi. Nikamfikiria Adela wa Kidato cha Pili B, ambaye huteka maji njia ileile, akinikuta nimechomeka jinzi kwenye soksi za shule kama kuku mwenye manyoya ya miguuni. Nikasema leo sichomeki.

Huo ndio uamuzi wenyewe. Mdogo tu. Na Adela hata hakuwepo.

Tukanakili, tukalala kwenye majani pale ng'ombe wanapopumzikia mchana tukipiga stori, nikarudi jioni. Mama kanisubiri mlangoni, mikono tayari, na mimi kwa uvivu na njaa nikamwambia nimeshakaguliwa na mama Masanja. Uongo huo ulinitoka laini kama maziwa, nikaingia, nikala.

Ijumaa nikaokota kupe wa kwanza nyuma ya goti, wa pili kiunoni, nikawang'oa kimyakimya nikawatupa motoni. Wa tatu alikuwa amechagua pale ninapokalia. Sitaki kueleza zaidi, kila mtu anapajua pake. Nilijipinda, nikajaribu kioo cha kunyolea cha baba, nikaishia kuona sikio langu mwenyewe. Kumwambia mama sikuweza, aibu ni moja, lakini pia nikisema, si ndiyo kupe ndani ya nyumba, na hukumu ya baba mnaijua? Nikajiambia kwamba nakaa kimya kwa ajili ya Ruksa. (Robo ya maneno hayo ilikuwa kweli.)

Jumamosi mchana nikamfuata Masanja. Nilimwona kama profesa, mtoto aliyekulia mkiani mwa ng'ombe. Akafikiri, akasema, "Mshikaji, mpake mafuta ya taa. Atatoka mwenyewe."

Nikamuuliza kiasi gani, akaniambia mpaka alewe.

(Wiki iliyofuata aliungama kwamba kwao hawajawahi kufanya hivyo hata siku moja, ila aliona nimemwamini sana, akaona vibaya kuniangusha.)

Sasa Jumamosi ile ilikuwa zamu yetu, jumuiya inasali nyumbani kwetu saa kumi. Saa tisa na nusu nilikuwa chooni na kopo la mafuta ya taa, namlewesha kupe. Sikuona kama amelewa, nikaongeza. Nikasikia mama ananiita nipange viti, nikapandisha jinzi yangu juu ya mafuta yote yale, nikatoka.

Mvua ilikuwa inanukia kwa hiyo watu wakajazana sebuleni. Baba mdogo naye alikuwepo, alikuja mjini na lori la mahindi na lilikuwa linamrudisha Kate jioni hiyohiyo. Mimi nikabanwa kwenye benchi kati ya ukuta na katekista. Katekista wetu, tunamwita Mwalimu, zamani alikuwa mtumishi wa lile josho. Lilipokufa akahamia kanisani, na watu husema hakubadilisha kazi sana, bado anasimamia wanaotumbukizwa kwenye maji. Siku hiyo alivaa shati jeupe, pe, limepigwa pasi mpaka lina makali.

Tukaanza wimbo wa kwanza. Kwenye ubeti wa pili nikasikia bibi mmoja anavuta pua. Kisha jirani yake. Kisha mwenyekiti wa jumuiya akasimamisha wimbo kwa mkono, akasema wapendwa, kuna koroboi inavuja, tuangalie tusije tukaungua tukisali. Watu wakainama chini ya meza, wakaitoa koroboi yetu nje, ikakaguliwa, nzima. Wakatoa na jiko. Harufu iko palepale. Mama akanusa pazia. Bibi akasema pengine ni kule kwa jirani, ila alisema akiniangalia mimi, na mimi nikaliangalia dari.

Halafu mwenyekiti akasema Injili atatusomea kijana wetu wa sekondari, na Skola, mtoto mwema, akanyanyua mshumaa aniletee nione vizuri.

Nadhani mnanielewa. Nina suruali iliyolowa mafuta ya taa, na mtoto anakuja na moto, anatabasamu. Nikasimama nikarudi nyuma hatua moja, naye akasogea moja. Nikarudi mpaka nikafika ukutani, nikakinyoosha kitabu mbali kwa mkono mmoja na kwa mwingine namzuia mdogo wangu, nikasoma hivyo, sauti inatetemeka, jasho linashuka. Nilipomaliza mama mmoja akafuta machozi. Baadaye aliniambia hajawahi kusikia kijana aliyeguswa na neno kama mimi.

Nikakaa, kwa upande. Na ndipo yule kupe, sijui alichoka, sijui kweli alilewa, akaamua kuhama. Sikumsikia. Nilichoona ni katekista, katikati ya mafundisho, ameinamisha macho kwenye mkono wa shati lake jeupe, na juu yake anatembea kupe mnene, rangi ya kijivu, hana haraka, kama mzee anayetoka sokoni.

Katekista hakuruka. Miaka yote ile joshoni ilimtosha. Alimchukua kwa vidole viwili, akamwinua tumwone.

"Mama Prospa," akamwambia mama (Prospa ndiye mimi), "huyu mgeni ni wa nani?"

Hakuna aliyecheka. Mama alijifunika uso kwa kanga, mwanamke ambaye uani kwake hakuna hata jani la kupita kifundo cha mguu. Baba akasimama taratibu. Hakumkemea mtu. Alimgeukia baba mdogo, akamwambia lori likija asiondoke bila yule mbwa.

Skola hakulia kwa sauti. Alikwenda tu akakaa chini mlangoni, akamkumbatia Ruksa shingoni, na Ruksa, ambaye alikuwa hana hatia hata moja tangu Alhamisi, akaanza kumlamba sikio. Hapo ningeweza kunyamaza. Niwaambie ukweli, nilinyamaza kwanza. Nilihesabu kimoyomoyo: mbwa mmoja upande huu, heshima yangu yote upande ule, Adela atasikia, shule nzima itasikia. Baba mdogo akaanza kuulizia kamba, na Skola akamkaza Ruksa kwa mikono miwili, akaniangalia mimi, si baba. Mimi.

Nikasema, "Huyo si wa Ruksa. Ni wangu."

Baba akauliza, "Wako vipi?"

"Ametoka kwangu. Alhamisi nilipita malishoni bila kuchomeka suruali, na sikukaguliwa popote, nilidanganya."

Mama akateremsha kanga. Akaninusa kwa mbali, akaangalia benchi nilipokuwa nimekaa, lina doa kubwa linang'aa umbo langu kamili, pande mbili. Akawa amejua kila kitu, na nyuma yake jumuiya nzima ikajua, mmoja baada ya mwingine, kama taa zinavyowashwa mtaani.

Bibi akasema, "Masikini, kumbe ndiye koroboi."

Hapo ndipo walipocheka. Mwenyekiti alicheka mpaka akaomba msamaha kwa Mungu.

Nikapelekwa chumbani na baba, na katekista akaitwa kama mtaalamu ahakikishe kupe hajaacha kichwa chake ndani. Yatosha kusema kwamba alinikagua kwa adabu kama anavyokagua ndama, akasema kichwa kimetoka, akasema mafuta ya taa ni ujinga, kupe hushikwa karibu na ngozi akavutwa polepole moja kwa moja, kisha unapaosha kwa sabuni, na ukipata homa wiki hizi mbili usifiche. Ngozi ilikuwa inawaka moto. Na sebuleni, ili wasinisikie, wakaanzisha wimbo. Waliuimba beti zote.

Mama aliniambia neno moja tu: "Ungeniambia." Lingekuwa fimbo ningelisahau.

Lori likaja, baba mdogo akasimama uani na kamba yake mkononi.

"Kaka," akamwambia baba, "mimi niliambiwa niondoke na mwenye kupe."

Baba akamwangalia Ruksa. Akaniangalia mimi, nimesimama miguu imeachana. Akaiangalia kamba, muda ambao simwombei hata adui yangu.

"Muache," akasema mwisho. "Jumatatu ana mtihani wa hesabu." Baba mdogo akapanda lori na kamba tupu.

Nimeapa, na nimeapa nikiwa nimesimama kwa sababu kukaa kulikuwa bado: kupe atakayenipanda tena nitamtangaza siku hiyohiyo, popote alipokaa, hata kama ni mbele ya Adela. Maana yule wa tatu ningemsema Ijumaa, angekuwa mdogo kama punje ya ulezi, na aibu yake vilevile. Nilimfuga siku mbili, akanyonya, na aibu ikanenepa naye.