Siku Muzdalifa Alipokula Mchana

Pale Bungu hakukuwa na mwanamke aliyeringia funga kama Muzdalifa, muuza korosho wa barabarani. Wenzake wakiingia hedhini walikula mchana kwa kujificha, kisha baada ya Idi wakahangaika kulipa siku zao. Yeye, miaka minne mfululizo, alifunga mwezi mzima bila kuacha hata siku moja.

"Mie Mungu kanipendelea," alimwambia wifi yake, Mwanamina. Mwanamina akasonya.

Upendeleo wenyewe ulikuwa huu: damu yake ilikuja mara moja au mbili kwa mwaka, tena pale inapojisikia. Vindevu vilivyomwota kidevuni alivinyofoa na kunyamaza.

Mwezi wa Rajabu akaenda zahanati kwa kikohozi tu. Nesi Tabu akamhoji weee, hadi mambo ya hedhi, mwisho akaweka kalamu chini.

"Dada'angu, hiyo siyo baraka. Homoni zako zimevurugika. Ukuta wa ndani wa kizazi usipotoka, unazidi kuwa mnene, na ukiachwa hivyo miaka unaweza kugeuka saratani. Haimpati kila mtu, lakini wewe hatari yako imeongezeka."

Akamwandikia rufaa. Hospitali wakachukua kinyama kidogo cha kizazi kwenda kupimwa, na wiki tatu nzima alikuwa akimpa abiria huyu korosho za yule. Aliogopa kufa, basi.

Majibu yakaja: ukuta umenenepa, saratani hakuna. Akapewa vidonge vya wiki mbili vya kuileta damu, na onyo juu: akishavimaliza, wiki mbili zikipita bila damu, arudi haraka.

Ramadhani ikaingia. Akavimeza kila daku, vikaisha, akangoja. Siku ya tatu, kimya. Ya sita, kimya. Alivyokuwa akishinda chooni, Mwanamina akamuuliza kama tumbo linamwendesha.

Siku ya nane, adhuhuri, alitoka chooni mbio.

"Wifi! Imekuja! Imekuja, nakwambia!"

Mwanamina, naye siku hiyo hakufunga, alikuwa jikoni, mlango kaurudishia, anamalizia kiporo cha wali na samaki. Akampisha nafasi kwenye mkeka. Muzdalifa akafinyanga tonge, akalitazama, kicheko kikampanda. Wakacheka mpaka wakajiziba midomo kwa kanga, majirani wasisikie.

"Utailipa hii," Mwanamina akanong'ona.

"Nitazilipa zote!" Muzdalifa akasema, mdomo umejaa wali, machozi yanamtiririka. "Hebu niongezee samaki."