Sweta Jekundu Kwenye Maziko ya Shangazi

Jamani, hiki ninachowasimulia sijawahi kukimaliza, kila nikifika katikati aibu inanishika nanyamaza, kwa hiyo anayetaka kunicheka anicheke sasa hivi mwanzoni, maana mbele huko hakuna cha kuchekesha. Mimi ndiye yule mwanamke aliyevuliwa nguo makaburini Murungu, kule Kibondo, mbele ya baba mkwe wake. Hapa Kasulu wakiniuliza kwa nini nilihama Kibondo nasema nilifuata biashara (biashara gani ya cherehani, mtaa wenyewe umejaa mafundi!), lakini ukweli ndio huo.

Siku hiyo tulikuwa tunamzika shangazi yake mume wangu. Ilikuwa katikati ya masika, baridi ya milimani inaingia mpaka kwenye mifupa, na mimi nilikuwa nimechelewa, nikavaa blauzi niliyoikuta juu ya kapu, kumbe mgongoni imeachia mshono kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Fundi wa nguo mzima! Nguo za watu zinatoka kwangu zimenyooka, zangu ndiyo hivyo tena. Nikaishika kwa pini, nikatupia juu yake sweta langu jekundu, zito, nikaona nimemaliza.

Mume wangu, Laurenti, akaniangalia mlangoni. "Nyekundu hiyo, na mvua hii?"

"Laurenti, na wewe? Umesoma mpaka kidato cha nne halafu unaogopa sweta?"

Akatangulia kutoka. Ni mpole, ubishi hauwezi.

Sasa niwaambie, imani hiyo ya nyekundu siijui kwa kusikia tu, nimelelewa nayo. Bibi yangu, aliyevuka kutoka Burundi akiwa na mimba ya mama yangu, alitufundisha kwamba radi, yeye akiiita inkuba, ni jogoo mkubwa anayekaa mawinguni, na akiona kitu chekundu huku chini anadhani ni kilemba cha jogoo mwenzake, basi anashuka kupigana. Tulikuwa tunacheka. Lakini kwetu kule radi inapiga kweli, kila masika unasikia imeua ng'ombe, imeua mtu shambani, na watu wakishazika lazima waulize kwa nini yule na siyo huyu, na jibu likikosekana linatafutwa kwenye nguo ya mtu. Mimi nilijiona nimeshavuka huko, nilikuwa nimesikia kwenye redio kwamba radi inapenda kilichosimama juu, mti, mlima, mtu aliye peke yake mahali pa wazi, na tangu hapo nikajifanya mwalimu.

Tulipofika msibani wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi. Mama mkwe akanisogelea pale kwenye mkeka wa wanawake, akaongea taratibu kabisa.

"Mukazana wangu, livue hilo sweta. Nitakushikia mimi."

Mukazana ndiyo mkamwana kwa Kiha, na aliniita hivyo siku za upendo tu. Ningemnong'oneza, "Mama, ndani blauzi imechanika," angenipa kitenge chake nijifunike na yote yangeishia hapo. Lakini niliona haya. Wanawake wote wale ni wateja wangu, nitasemaje fundi amekuja na pini mgongoni? Kwa hiyo, badala ya kusema ukweli mdogo, nikatoa hotuba kubwa, tena kwa sauti.

"Mama, radi haijui rangi. Hayo ni mambo ya wazee. Inapiga kilicho juu, basi."

Mkeka mzima ukanigeukia. Katekista akakohoa. Mama mkwe akaniangalia, akarudi kukaa.

Makaburi yao yako juu ya mlima, pa wazi, hakuna hata mgomba. Jeneza lilikuwa limeshashuka, vijana wanafukia haraka kuiwahi mvua, na shemeji yangu Onesmo, mdogo wake Laurenti, alikuwa amesimama juu ya lundo la udongo anausukuma kwa koleo. Alikuwa mtani wangu yule. Aliniona nimejikunyata akaniita, "Shemeji, njoo ushike koleo upate joto!" Watu wakatabasamu kidogo, na mimi nikafungua mdomo nimjibu.

Sikumjibu. Niliona weupe tu, halafu mlio ambao siwezi kuueleza, halafu nikajikuta nimekaa kwenye tope na masikio yanalia. Watu wengi walikuwa chini. Mmoja mmoja wakaanza kuinuka, isipokuwa Onesmo. Alikuwa amelala chali pembeni ya kaburi, kiatu kimoja kimemtoka, macho wazi.

"Mawe weee!" mkewe, Restituta, akapiga ukunga akimwita mama yake kwa Kiha, akataka kumkimbilia. Wakamdaka. "Usimguse! Bado anayo, usimguse!"

Hiyo nayo ni imani yetu, kwamba aliyepigwa na radi bado anayo mwilini, ukimgusa inahamia kwako. (Nadhani ilianza kwa sababu nzuri tu, watu walikimbilia mwenzao mvua bado inapiga, na wao wakapigwa.) Lakini nilikumbuka redio walivyosema, kwamba anaguswa, anabonyezwa kifua, tena haraka. Nikainuka, nikapita katikati ya watu, nilikuwa nimebakiza hatua chache nimfikie. Ndipo mtu akasema, na mpaka leo sijui ni nani:

"Huyo hapo! Mwenye nyekundu! Ameiita radi, sasa anamfuata ammalize!"

Sijui hata walivyonifikia. Mikono ilikuwa mingi, fimbo ikanipata kichwani, sweta likavutwa juu likanifunika uso, nikawa sioni kitu, na lilipotoka lilitoka na blauzi, pini zikinichana mgongo. Nikabaki na sidiria kwenye mvua. Nilipofuta damu machoni, mtu wa kwanza kumwona alikuwa baba mkwe. Mzee huyo, tangu niolewe, sijawahi hata kukaa naye mkeka mmoja, tukikutana njiani nainamisha kichwa. Aligeuka akatazama upande wa bonde.

Laurenti alinifikia, akanivika koti lake, akawasukuma watu, na huyo mtu mpole nilimsikia akilia kwa sauti, "Mdogo wangu! Mmemwacha mdogo wangu!" Maana wakati wote ule wananivua mimi, Onesmo alikuwa pale pale chini, mvua inamwingia mdomoni. Restituta alijinasua, akamwangukia kifuani, na hakuna kilichohamia kwake. Tukambonyeza kifua kwa zamu, hatujui vizuri tunachofanya. Tukampakia bodaboda, Laurenti nyuma akimshikilia, mimi na Restituta tukafuata kwa nyingine.

Hospitalini daktari alimpima, akamfunika uso, na tumaini letu nalo. Akauliza tu, "Alikaa muda gani bila kuguswa?" Nilikuwa nimesimama pale ukutani na koti la mume, bila blauzi, nanuka tope la kaburini.

Maziko ya Onesmo niliambiwa nisije. Wateja waliacha kuleta nguo, wengine walituma watu wachukue vitambaa hata havijakatwa. Jambo lililoniuma kuliko fimbo ni mama mkwe. Alikuja kwangu, akakaa, akakataa hata maji, akasema, "Mimi sikuchukii, mukazana. Nilikuomba uvue tu." Ningemwambia nini? Kwamba radi haijui rangi? Kwa mama aliyetoka kuzika mwana? Nilijua ninachokijua na hakikunisaidia kitu, nikalia, na yeye akalia, akaondoka.

Tangu hapo nimeapa kutomfundisha mtu kitu penye kilio chake, hata kama niko sahihi kwa asilimia zote.

Juzi hapa Kasulu mvua ilianza kunguruma nikiwa dukani kwa jirani yangu, anayesuka nywele. Akaruka kuchukua shuka, kwamba kioo kinaita radi lazima kifunikwe, kioo chenyewe kikubwa, ukuta mzima, shuka linamponyoka. Wateja wake wote wakanigeukia mimi niliyekaa karibu na kioo, kuona nitafanya nini.

Nikainuka, nikamshikia upande wa pili.