Siku Niliyosimama Kando ya Goli la Mkizi

Kuna harufu moja ambayo hadi leo hunirudisha utotoni: chokaa iliyolowa maji, ikiwa bado ndooni, kabla haijagusa ukuta. Juzi walikuwa wakipaka madrasa ya mtaani kwetu Kibokoni. Nikapita na kikapu changu cha sokoni, na harufu ile iliponifikia miguu ikagoma. Fundi alidhani namngoja ahamishe ngazi, akaniomba radhi. Masikini, sikuwa naiona hata hiyo ngazi. Nilikuwa nimerudi kwenye umri wa miaka minane, nimeketi juu ya tofali katika kiwanja cha vumbi kule Mbaraki, na mistari ya goli ndiyo kwanza imechorwa.

Nawasimulia ninyi jambo ambalo sijapata kumweleza mtu isipokuwa mmoja, na huyo alistahili kulisikia miaka mingi kabla sijamwambia.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alishona kanzu na sare za shule katika kijiduka kilichokuwa chini ya nyumba yetu, na Jumamosi alasiri alikuwa refa. Si refa wa mechi zinazotangazwa redioni. Alichezesha ligi ya mitaa, ambako hakuna jukwaa wala uzio, na mbuzi akikatiza uwanjani mpira husimamishwa mpaka apatikane mwenyewe. Filimbi yake aliitia kwenye kamba ya kiatu akaitundika kwenye msumari mmoja na futi ya kupimia nguo. Mtaani wengi hawakumwita jina lake la Athumani. Walimwita Refa, hata msikitini, naye alijifanya hajali, lakini mgeni akikosea akamwita "fundi" tu, uso wake ulipungua kidogo. Watu waliokosana juu ya maji ya paa yanayomwagikia kwa jirani, au juu ya watoto waliopigana, walikwenda dukani kwake kuamuliwa. Walimjua hana upande.

Mimi kazi yangu ilikuwa kumtungia uzi kwenye sindano. "Ndoo hapa na macho yako," aliniita kutoka chini, nami nikashuka ngazi mbiombio, kwani nilijiona msaidizi mkuu wa duka zima. Mwaka ule aliniita mara nyingi zaidi kuliko mwaka uliotangulia. Nilidhani ni kwa kuwa nimekuwa hodari.

Jumamosi ninayoisema, timu ya mtaa wetu iliyoitwa Mkizi ilikuwa icheze na Winchi, timu ya wapakuzi wa bandarini, wengi wao watu wa bara, wenye miguu kama nguzo. Mkizi walihitaji sare tu ili waingie fainali, na fainali ingechezwa siku ya Idi. Mtaa mzima ulikuwa umeshaanza kuzungumza habari za jezi mpya. Adhuhuri ile, tukiwa bado kwenye sinia la wali, Baba akasema atakwenda nami.

Nyanya aliacha kula. Alisema mtoto wa kike na mpira ni wapi na wapi, na kwamba kule kuna wanaume wenye midomo isiyopigwa mswaki. Baba akajibu kwa upole kuwa nitakaa mahali atakaponiona. Nikamtazama Mama, nikijua yeye ndiye atakayenikatalia. Mama hakunena kitu. Alinifunga mtandio, akaubana kwa pini mbili, akaniangalia usoni kwa muda mrefu kidogo, kisha akaniambia nimshike Baba mkono njiani na nisimwache. Niliona ajabu, kwa sababu Mama hakuwa mtu wa kunyamaza.

Tulikwenda kwa miguu. Baba alivaa kaptura nyeusi chini ya kikoi, ili asipite mitaani na mapaja wazi, na mimi nilibeba filimbi. Alininunulia kachri, vipande vyembamba vya mhogo wa kukaanga, zilizonyunyizwa pilipili na ndimu, za moto, zikilowesha karatasi. Kila tulipofika barabara kubwa alisimama, akaniuliza kama gari liko mbali au karibu. Nami nikamwambia, "Liko mbali, Baba, twende," nikamvuta. Nilifurahi kwamba ananichezea mchezo wa kuniuliza kama mtu mzima. Sijui kama nimewahi kuwa na fahari kama ya alasiri ile, pilipili imenichoma midomo, Refa mzima yuko mkononi mwangu.

Kiwanja kilikuwa nyuma ya maghala. Ardhi yake ilikuwa nyekundu, imeshindiliwa na miguu mpaka ikang'aa, na mzee mmoja alikuwa akipita na ndoo na kopo lililotobolewa, akichora mistari ya chokaa iliyopinda kama nyoka aliyeshiba. Milingoti ya magoli ilikuwa mabomba ya chuma. Nyavu zilikwisha kuoza zamani. Kila timu ilileta mshika kibendera wake, na kila mmoja wao, kama ilivyokuwa desturi, aliona alichopenda kuona. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyodhania, wamejipanga hadi juu ya mstari, na sauti yao ilinifanya nimshike Baba kikoi.

Alinipeleka kwenye goli la upande wa magharibi, lile ambalo jua lilikuwa linateremkia nyuma yake. Akasogeza tofali hatua chache kutoka kwenye mlingoti, sawasawa na mstari, akalipangusa vumbi, akachutama mbele yangu.

"Kaa kitako hapa," aliniambia. "Usitazame mchezo, tazama mstari. Ukiona mpira wote umeuvuka, simama. Usipovuka, kaa vivyo hivyo. Umefahamu?"

Nikamwuliza ni mchezo gani huo.

"Ni wetu, mimi na wewe. Usimwambie mtu."

Kipindi cha kwanza mpira haukufika kwangu ila mara moja, na mara hiyo ulipita juu kabisa, ukaenda kumpiga mwuza njugu. Nilikaa nikiutazama ule mstari mpaka macho yakatoka machozi. Waliponiambia ni mapumziko nilikuwa sijui nani anashinda. Hakuna aliyekuwa anashinda. Kipindi cha pili Mkizi ndio waliokuja kulinda goli la kwangu. Kipa wao alikuwa Hemedi, kijana wa Mzee Shee, jirani yetu wa mlango kwa mlango, rafiki ya Baba tangu utotoni mwao. Hemedi aliponiona alicheka, akanikonyeza. Alikuwa amevaa glavu za kuoshea vyombo, za rangi ya manjano.

Jua lilishuka, likawa linamulika kiwanja kizima kwa ubavu. Wachezaji wa Winchi walilalamika hawaoni. Nilimwona Baba akikimbia ameinua mkono juu ya paji, na mara mbili alipuliza filimbi akiwa mbali na mpira, watu wakaguna. Bado kitambo kidogo mechi iishe. Watu walianza kuimba jina la Mkizi, na wale waliokuwa nyuma yangu wakasogea, wakasogea tena, mpaka magoti yao yakawa yanagusa mgongo wangu.

Ndipo nahodha wa Winchi, mtu mrefu aliyeitwa Wanjala, akapiga shuti. Nilikuwa natazama mstari kama nilivyoagizwa. Mpira uligonga mlingoti kwa ndani, ukadunda juu ya chokaa yenyewe, ukarusha vumbi jeupe, na Hemedi akaulalia. Niliuona. Ulikaa juu ya mstari, nusu huku nusu huku, na glavu za manjano zikaufunika. Haukuvuka. Katika maisha yangu ni mambo machache niliyoyaona waziwazi kama hilo.

Lakini watu walikuwa wamenijia. Waliruka mbele wote kwa pamoja, wa huku wakipiga kelele limeingia, wa kule wakikataa, na mguu wa mtu ukanikanyaga kidole. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maji alipiga ukemi kwamba mtoto atakanyagwa. Akanitia mikono makwapani akaninyanyua, akanisimamisha wima juu ya lile tofali, akanishikilia pale kifuani pake.

Katikati ya kiwanja Baba alikuwa amesimama, mkono juu ya paji, uso ameuelekeza kwangu. Hakumtazama Hemedi wala vibendera viwili, ambavyo kimoja kilikuwa juu na kingine chini. Alinitafuta mimi. Nilijua ananitafuta. Nikakunja magoti ili nikae, lakini yule mama alikuwa na nguvu, akadhani nazirai, akanikaza zaidi. Niliita "Baba", na kelele zikaimeza sauti yangu. Nilitikisa kichwa. Nani angeona kichwa cha mtoto katikati ya vichwa vile?

Baba akapuliza filimbi, akaonyesha katikati ya kiwanja. Goli.

Yaliyofuata nayakumbuka vipandevipande. Hemedi alimjia mbio mpira ukiwa bado mikononi, akaapa kwa Mungu haukuvuka, tena akamwita "baba", kama alivyozoea kumwita tangu utoto. Chupa ya maji ilirushwa. Mtu mmoja alimshika Baba shati, mfuko ukachanika ukaning'inia. Baba alisimama vilevile, na katika ghasia ile nikamsikia akinena neno moja, kwa sauti yake ya dukani, isiyopanda.

"Nimeona."

Mzee Shee alikuwa ameshafika kati yao. Alimtazama Baba kwa muda, akamshika mwanawe bega, akaondoka naye. Hakuna matusi ya siku ile, na Nyanya alisema kweli kuhusu midomo ya kule, yaliyonitisha kama mgongo wa Mzee Shee ukienda zake.

Wanjala ndiye aliyetutoa. Alinibeba begani, akamshika Baba kiwiko, akatupitisha kando ya maghala hadi barabarani. Alimwambia Baba pole, akaniangalia mimi, akarudi kwa wenzake waliokuwa wakicheza ngoma. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda.

Tulikwenda hadi karibu na Makadara. Baba alitembea polepole, akipapasa njia kwa nyayo. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, kama nilisimama. Nikasema nilisimama. Akauliza kama niliuona mpira umevuka.

Hapa ndipo ninapowaomba mnivumilie. Neno la kweli lilikuwa mdomoni. Lakini nilikuwa nimemsikia mbele ya watu wote akisema ameona, na mfuko wake uliochanika ulikuwa unapigapiga kifuani kila alipopiga hatua. Niliona nikisema haukuvuka, Baba atakuwa mwongo, na atakuwa ameaibishwa na mimi.

"Ulivuka, Baba," nikasema. "Niliuona."

Akashusha pumzi. Mkono wake, uliokuwa umekaza, ukalegea ndani ya wangu. "Basi," akasema. "Alhamdulillahi. Basi."

Mkizi hawakucheza fainali. Idi ilikuja, ikapita bila shamrashamra. Mzee Shee hakumtusi Baba wala hakumsema vibaya. Alimpa salamu ya wajibu na kupita. Kahawa waliyokuwa wakinywa pamoja baada ya Alasiri ikawa Baba anainywa peke yake, kisha akaacha kuinywa. Mama aliniambia nikiwa mkubwa kwamba watu wawili watatu walimshauri aende tu akamwombe Mzee radhi, yaishe. Alikataa. Alisema hawezi kuomba radhi kwa jambo la haki. Angekuwa amekosea angekwenda kwa magoti. Alichezesha mechi moja au mbili nyingine, halafu filimbi ikabaki msumarini.

Nilikuwa nimekwisha kuwa binti wa sekondari daktari alipomfanyia upasuaji wa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, na daktari alishangaa jinsi alivyoweza kushona muda wote ule. Mimi sikushangaa. Nilikumbuka sindano, na magari ya barabarani, na jua nyuma ya goli. Mama alijua tangu mwanzo. Ndiyo maana hakunikataza.

Siku waliyomfungua bendeji ya pili alinitazama sana, akasema hakujua nina kidoti shavuni. Nikalia. Nikamwambia yote: mpira, yule mama wa maji, na uongo wa njiani.

Hakunikemea. Aliichukua ile bendeji, akaikunja polepole. Kisha akasema, "Ungeniambia jioni ile, ningekwenda kwake kabla ya Isha." Halafu, kama aliyejisikia na kujikataza, akanivuta karibu. "Kosa si lako, mwanangu. Mzigo ule haukuwa wako. Mimi ndiye niliyekuweka pale."

Mzee Shee alikuwa ameshafariki, mwaka wa pili huo. Baba alikuwa amekwenda mazikoni, akasimama safu ya nyuma. Jioni hiyo ya bendeji alivaa kanzu, akavuka kichochoro kwa hatua zake mwenyewe, akabisha kwa Hemedi, ambaye sasa alikuwa mtu mwenye watoto. Alikaa muda mrefu. Aliporudi hakutueleza walichozungumza, nasi hatukuuliza, ila alikwenda moja kwa moja kulala, na hakula.

Kwa miaka mingi nilidhani kuwa siku ile nilishindwa kwa sababu nilikuwa mdogo na watu walikuwa wengi. Kuhusu kiwanjani ni kweli, na nimejisamehe. Lakini njiani, karibu na Makadara, hakuna mtu aliyekuwa amenishika. Nilimpenda Baba kiasi cha kutotaka awe amekosea, na ilinichukua nusu ya umri wangu kufahamu kwamba yeye hakuogopa kukosea. Alikuwa mtu wa kuvuka kichochoro akaomba radhi na kurudi kunywa kahawa yake. Alichohitaji kwangu ni nimwambie nilichokiona, basi, na nilikuwa nacho.