Sega la Mwisho

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Goweko, baba aliacha nyumba, shamba na makaburi bila kusema neno. Mizinga yake ndiyo aliyoigombania. Ilikuwa ndani ya hifadhi ya msitu, mizinga ya magogo aliyoichonga mwenyewe, na kijiji kiliitaka iwe mali ya wote. Mwishowe aliitoa kwa masharti mawili: mti wenye nyuki usikatwe kwa kuni za kukaushia tumbaku, na kila mzinga ukivunwa, nyuki wenyewe waachiwe sega la kuwavusha kiangazi.

Mkutano ukapiga makofi. Ikaundwa kamati ya kulinda nyuki, nami binti yake nikawa katibu kwa kuwa nilijua kuandika. Tulifanya kazi kweli, asije mtu akanicheka. Tulifyeka njia za kuzuia moto, tukapaka chokaa miti yenye nyuki wa porini, tukagombana na wakata kuni hadi wengine wakaacha kutusalimia. Baba alikuwa akipita akigonga mashina kwa nyuma ya shoka, anatega sikio, anatabasamu.

"Wapo," ananiambia.

Mwaka wa pili tukaambiwa wageni wakubwa wanakuja kuona maendeleo yetu. Mwenyekiti akataka madebe yajae. Baba alikuwa kitandani, kifua kimembana, tukaenda kurina bila yeye. Kwenye mzinga wa kwanza mrina asali aliniita kutoka juu ya mti:

"Katibu, limebaki sega moja. Niliache?"

Nikatazama debe. "Shusha. Tutawaachia kwenye mingine."

Kwenye mzinga wa pili nikasema vilevile. Na wa tatu. Tulipomaliza, hapakuwa na mzinga uliobaki na kitu.

Wageni walilamba vidole, wakatusifu, wakaondoka.

"Mliwaachia?" baba akauliza.

"Tuliwaachia, baba."

Nilidanganya mchana kweupe, na siku ile wala sikuona aibu sana. Nilijiambia nyuki hawakosi pa kula. Msitu mzima haukuwa na ua hata moja.

Baba alipopata nafuu alijikongoja hadi msituni, nami nyuma yake. Aligonga shina la kwanza, akatega sikio. Akagonga tena kwa nguvu. Tukaenda mti wa pili, wa tatu, hadi wa mwisho.

"Labda nao wamehamishwa," akasema, akinitazama. Ningefurahi kama angenitukana.

Kifua kikarudi, kibaya kuliko mwanzo. Nikachemsha maji, nikakoroga asali iliyosalia kwenye debe, nikampelekea. Alinusa kikombe.

"Ya mzinga gani hii?"

Hapo nikashindwa. Nikamweleza yote, nikilia. Akakirudisha kikombe mkononi mwangu bila kuonja.

"Warudishie, mama."

Alifariki kabla ya mvua. Tulipomaliza kuzika nilikichukua kikombe kile na asali yake, nikaenda nacho msituni, nikakiweka chini ya mti wa kwanza. Nilipokwenda kukitazama siku ya pili, kilikuwa kimejaa sisimizi.