Banda la Gari la Mdogo Wake

Gari la mdogo wake lilikuwa linajengewa nyumba, na yeye, dada mtu na fundi umeme, bado alikuwa amepanga vyumba viwili, mita ya umeme akichangia na mwenye nyumba. Fundi umeme huyo, ambaye kwa urefu wake mtaa mzima ulimwita Mama Nguzo, alisimama kiwanjani akiwa na futi mkononi na fundo moyoni.

Banda lilikuwa mbele, karibu na barabara: kuta za tofali, bati jipya, mlango mpana. Nyuma yake palikuwa na nyasi tu na vigingi vinne. Hapo ndipo nyumba yenyewe ingekuja, Mungu akijalia.

"Dada, wewe tuwekee taa na soketi mbili tu za bandani," mdogo wake alisema. "Nyumba ikianza tutamleta Fundi Tai. Shemeji yako anamsifu huyo!"

Fundi Tai! Kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika koleo, enzi hizo hajui waya upi una moto. Sasa alivaa tai hata akiwa juu ya ngazi, na wenye nyumba kubwa walimtafuta yeye.

"Na hiyo nyumba itakuwa na nini?" Mama Nguzo aliuliza, kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi.

"Jiko la umeme. Hita ya maji ya kuoga. Pampu. Na chumba cha kupigia pasi, dada, cha pasi peke yake!"

"Nguo zenu zimezaliwa na bahati."

Mdogo wake akacheka sana. Hakuwa na hila, na hilo ndilo lililouma zaidi. Utotoni yeye ndiye aliyerithi magauni ya dada yake yaliyochakaa. Mahali fulani njiani mambo yakapinduka, na sasa dada ndiye anayeletewa mapazia yaliyochokwa.

Mama Nguzo akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akachora njia ya umeme kwenye karatasi. Waya mwembamba wa kufukiwa mtaroni kutoka nguzo ya barabarani hadi bandani ungetosha. Nani angemlaumu? Kafanya alichoambiwa. Siku nyumba ikija, waya ungezidiwa. Mtaro ungechimbwa upya, sakafu ya saruji ya banda ingevunjwa, na mdogo wake angelia kidogo. Akatabasamu, muda mrefu kuliko inavyompasa dada.

Ndipo akaona aliyeshika sururu katika picha hiyo ya kichwani. Alikuwa Fundi Tai. Angeuinua ule waya kwa vidole viwili kama mkia wa panya, amgeukie shemeji na kuuliza, "Nani kafanya hii?"

Akaichana karatasi.

Kesho yake alidai kebo nene, ya kubeba jiko, hita, pampu na pasi zao zote. Akaweka sanduku la swichi kuu kwenye ukuta wa banda, nafasi za nyumba zikiwa wazi zinasubiri. Kutoka hapo akachimbisha mtaro hadi kwenye vigingi, akalaza bomba tupu lenye kamba ndani. Atakayekuja atafunga kebo kwenye kamba na kuivuta, basi.

"Dada, mtaro wote huu kwa taa na soketi mbili?"

"Nyumba yako itapita humu. Chimba leo, usije ukavunja sakafu kesho."

Shemeji akachungulia mtaroni. "Lakini Fundi Tai alisema ana mpango wake..."

"Aje tu, shemeji. Kamba ataikuta."

Mdogo wake akamkumbatia, machozi yakimlengalenga. "Najua unanipenda, dada."

"Haya, haya, utanichafua," alisema Mama Nguzo, ambaye alikuwa na udongo hadi kwenye nyusi.

Walipoondoka, alipiga magoti mwisho wa bomba, penye vigingi, akaifunga kamba kwenye kipande cha nondo ili isirudi ndani. Alitumia fundo lake mwenyewe, lile ambalo Fundi Tai, miaka yote aliyokuwa mwanafunzi wake, hakuwahi kulifungua bila kulala kifudifudi na kutumia meno. Akalikaza. Akafikiria ile tai, akalikaza tena.