Siku Tatu za Stoo

Jina lake halisi liko kwenye pasipoti, lakini mtaani wanamwita Panda-Shuka. Ni fundi lifti. Wiki hii yuko nyumbani, wiki ijayo yuko nchi jirani ananing'inia kwenye shimo la jengo la ghorofa kumi na nane. Gari la kampuni ndilo linalompeleka na kumrudisha, kwa hiyo tiketi hana hata ya dawa.

Siku hiyo alikuwa ofisi ya kodi, mbele ya dada mmoja mwenye kikokotoo na uso usiokopesheka.

"Kaka, hesabu ni nyepesi. Ukikaa hapa siku mia na themanini na tatu kwa mwaka, wewe ni mkazi, na mshahara wako wa ng'ambo na sisi tunautoza. Zikipungua, nenda zako salama. Na nusu siku nayo ni siku."

"Nimekaa mia na themanini na moja."

"Au na nne. Uliondoka tarehe nne au tarehe saba?"

Hapo ndipo penyewe. Pasipoti ilisahauliwa kwenye suruali, suruali ikaingia mashine ya kufulia, na muhuri wa kutoka ukaoga mpaka kikabaki kijiti kimoja. Ukitaka ni nne, ukitaka ni saba.

"Lete shahidi aliyekuwa nyumbani kwako siku hizo," dada alisema. "Mke simtaki. Mke ni wewe mwenyewe umevaa gauni."

Panda-Shuka nusura apige vigelegele. Shahidi alikuwa naye: mama mkwe! Mama huyo alifika kwao tarehe tano, akaondoka tarehe saba asubuhi, na muda wote binti yake alimwambia, "Mume wangu keshasafiri." Kumbe mume yuko stoo, kati ya gunia la mkaa na baiskeli mbovu, anapumua kwa zamu. Si kwamba anamchukia mkwewe, la hasha. Ila kwa mama yule fundi ni fundi: ziara iliyopita alikuja na pampu ya kwake, pazia, mguu wa kitanda na meno ya bandia, vyote akamtengenezesha. Basi alisubiri mama apotelee kwenye kona, ndipo akatoka na kudandia gari la kampuni.

Shahidi wa kusema uongo bila kujua kuwa ni uongo! Angempata wapi mwingine?

Kesho yake mama mkwe akakaa kwenye kiti cha ofisi, mkoba mapajani.

"Mama, tarehe tano mpaka saba ulikuwa kwa mkweo?"

"Nilikuwepo."

"Na yeye?"

"Binti yangu aliniambia kasafiri."

Fundi akashusha pumzi. Dada akashika kalamu.

"Ngoja mwanangu, hayo ni niliyoambiwa. Sasa sikia niliyoyaona. Jioni ya kwanza kitu kikapiga chafya stoo. Binti yangu akasema panya. Nikasema haya. Nikamwekea huyo panya sahani ya chakula mlangoni. Asubuhi naikuta jikoni, imeoshwa, imefutwa! Nina miaka sitini na nane, sijaona panya anayeosha vyombo. Marehemu mume wangu mwenyewe hakuwahi."

Dada aliinamia kikokotoo, mabega yakimtikisika.

"Mama," fundi alisema, sauti ikishuka ghorofa baada ya ghorofa, "kumbe ulijua?"

"Nilijua, baba. Nilinyamaza kwa sababu chakula ulikimaliza."

Fundi akamgeukia dada, akajaribu ya mwisho. "Lakini dada yangu, stoo si kukaa. Stoo ni kubanwa."

"Hiyo stoo iko ndani ya mipaka ya nchi?"

"Iko."

"Basi."

Muhuri ukatua pa! juu ya fomu: MKAZI.

Kwenye ngazi, maana lifti ya ofisi ile ilikuwa mbovu na fundi hakuthubutu hata kuitazama, mama mkwe alimshika mkono.

"Sasa kwa kuwa serikali imethibitisha kwamba upo, Jumamosi uje kwangu. Ile pampu inalia tena."

"Sawa mama. Nije mchana kidogo?"

"Saa moja asubuhi. Si umesikia? Nusu siku nayo ni siku."