Matanga ya Muti wa Baba

Mujukuu wangu anajitolea kulinda parke. Kila posho, ndiyo Jumamosi, anavaa kofia ya kijani, anapanda mulima na wenzake, wanaokota chupa za wageni na kufyeka njia. Jioni analeta nyumbani matope na kiburi. Kiburi hicho ninacho pia, sikatai. Ila aliponiambia kwamba kujitolea kumeanza na wao, nilicheka mpaka meno yaliyobaki yakaona jua.

Sisi tulijitolea wakati wa Wabeleji. Na tulijitolea sana: aliyekataa alilala kasho, nyuma ya kufuli. Muzungu wa Leta, serikali yao, alitoka Bukavu, akasimama juu ya kiti, akasema musitu ni mali yetu sote. Kwa kuwa ni mali yetu sote, tutoke ndani. Tukatoka. Tukaacha migomba yetu na kaburi ya baba, chini ya muti wa mauwa mekundu alioupanda mwenyewe mbele ya lupango, uwanja wa nyumba yetu.

Kiisha akatuomba, kwa upole wa mutu mwenye funguo ya kasho, tulime njia pana pembeni ya musitu ili moto usiingie. Wanaume walikuwa mu mashamba ya wazungu ya kinini, dawa ya malaria, basi jembe likawa la wamama. Mimi nilikuwa binti wa kuolewa, nikalima pamoja na mama.

Njia ilipaswa kunyooka. Muzungu aliichora Bukavu, juu ya meza, na juu ya meza mulima hauna wafu. Kamba ikavutwa, ikaangukia muti wa baba. Kapita wetu, musimamizi wa kazi, mutoto wa Kabare kama sisi, ila tangu apewe koti na kofia alisahau kwao, akaamuru: kesho muti uanguke, na mizizi itoke. Mizizi ile ilikuwa imemukumbatia baba.

Mama hakubishana. Kwetu mutu akifa, hakuna anayelima mpaka matanga yaishe. Anayelima anaita kifo nyumbani kwake. Asubuhi kapita alitukuta tumeketi chini ya muti, juu ya majani ya migomba, mama amenyoa kichwa, majembe yamelazwa, wamama wanalia vizuri kuliko mu kanisa. Katikati kulikuwa mutungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Akauliza nani amekufa.

"Bado," mama akasema. "Muti utakufa leo. Tumeanza mapema, kwa kuwa wewe ni mutu wa haraka."

Akatutukana, akainua jembe mwenyewe. Tukamuangalia tu. Bibi yake alikuwa na mimba. Jembe likasimama hewani, likashuka polepole, na kofia nayo ikatoka kichwani. Akaketi. Tukamupa kasiksi.

Siku zikapita, majani yakaanza kuota upya mu njia. Muzungu akapanda na motokari yake, uso mwekundu kushinda mauwa, maana mukubwa wake alikuwa anakuja kukagua. Akauliza matanga haya yataisha lini.

"Bwana, yataisha siku utatuambia muti utaishi," mama akajibu.

Akaangalia muti. Akaangalia majembe. Akahamisha kamba.

Mukubwa alipofika, akasifu ile kona, akasema kumbe muzungu wetu anapenda miti namna hii, akamupa mukono. Sisi tukapiga makofi. Tulikuwa tumejitolea, tungefanya nini?

Njia ingali inapinda pale. Juzi mujukuu wangu, ametoka kuifyeka, aliniuliza ni mulevi gani aliichora. Nikamuambia avue kofia kwanza.